Nimealikwa kuwinda kulungu Minnesota mwezi wa 11. Ninunue bunduki gani, na risasi ipi?

Ng'wana Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Niko Minnesota mwaka wa sita sasa, kadi ya kijani ninayo, kazi yangu kiwandani. Kuna mzee mmoja wa Kizungu tuko naye zamu moja, kanialika kambini kwao kaskazini, maeneo ya Brainerd, msimu wa bunduki ukifunguliwa. Huku unafunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 6 Novemba, na watu wanaomba ruhusa kazini kama sisi tunavyoomba kwenda msibani.

Bunduki si ngeni kwangu moja kwa moja. Marehemu babu kule Maswa alikuwa na gobore, lile la kushindilia baruti mdomoni mwa mtutu, na nimewahi kulishika. Lakini gobore halina mjadala wa risasi, unatia ulichonacho. Huku nimeingia dukani nikatoka na kizunguzungu. Ukuta mzima ni pakiti za risasi, kila moja na namba zake kama mtihani wa hesabu.

Muuzaji alinitazama juu hadi chini, akanishushia bunduki ya risasi kubwa, .300 Win Mag. Akasema hiyo ndiyo mwisho wa maneno, hata dubu anaanguka papo hapo. Bahati nzuri jamaa yangu mmoja anayo kama hiyo, akanipeleka uwanja wa shabaha nikajaribu kabla ya kutoa hela. Risasi ya kwanza, darubini ikanipasua juu ya nyusi, damu mpaka kwenye kola. Ya pili nilifumba macho kabla hata kidole hakijavuta, ikaenda sijui wapi. Ya tatu sikupiga. Wakuu, mimi nina kilo 64.

Bajeti ni dola 900, darubini ikiwa humo humo. Majina ya risasi ninayosikia ni .243, .270, .308, .30-06, 6.5 Creedmoor na .30-30. Nisaidieni, ila kwa lugha inayoeleweka.

---

BisiNaSoda

Siti ya mbele kabisa. Bisi ziko motoni.

---

Pongo la Usambara

Kabla ya bunduki turekebishe jina. Huyo si kulungu. Kulungu ni huyu wetu, wengine tunamwita pongo, ana pembe zilizojisokota na hazing'oki mpaka anakufa. Huyo wa Marekani pembe zake zina matawi, anaziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Afrika kusini ya Sahara hatuna mnyama wa jamii hiyo kwa asili, ndiyo maana waliotafsiri Biblia walimwita ayala, "kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji".

---

Ng'wana Baridi

Mkuu nikimwambia mke wangu nakwenda kuwinda ayala atadhani nimeokoka upya. Acha tumwite kulungu.

---

Mla Mboga

Nyama imejaa madukani, imekatwa na kufungwa vizuri. Kiumbe wa Mungu amewakosea nini?

---

FundiMtutu

@Mla Mboga hiyo ya dukani nayo haikujiua. Fungua uzi wako tutakuja kukujibu huko.

@Ng'wana Baridi pole na nyusi. Niko Pennsylvania, nimewinda misimu 17, na kazi yangu ya pembeni ni kutengeneza vitako vya bunduki. Nitaandika kirefu, kaa chini.

Kwanza hilo la nyusi. Bunduki haikuwa ya kimo chako na hakuna aliyekuelekeza. Jicho linatakiwa likae kama inchi tatu na nusu kutoka kwenye kioo cha nyuma cha darubini, na kitako kizame begani barabara. Ukikishikilia kwa woga mbali na bega, kinapata nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kukufikia. Kisha ile risasi ya pili uliyofumba macho. Hiyo ndiyo inayojeruhi wanyama wakaenda kufia vichakani. Mwili wako ulishajifunza kuogopa kwa risasi moja tu, na kuufundisha usahau kutachukua mamia. Kwa hiyo .300 Win Mag iondoe kabisa kwenye hesabu. Teke lake, ile nguvu inayokurudia begani, linaizidi hata .30-06 kwa robo hivi, na kulungu wa Minnesota hahitaji hayo yote.

Sasa namba. Usizione kama ukuta wa hesabu, zione kama ukoo.

Bibi wa ukoo ni .30-06. Tundu la mtutu ni la inchi 0.30, na 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Ganda lake, kile kikopo kinachobeba baruti, lina urefu wa milimita 63. Mwaka 1952 ikatoka .308, ganda fupi la milimita 51. Kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka, ni kile kile, upana inchi 0.308, na kwa sababu baruti ilikuwa imeboreka ikafika karibu sana na bibi yake. Ukichukua ganda la .308 ukalibana shingo lishike kichwa chembamba, umepata .243, ambayo ni ya 1955. Ukilibana kidogo tu, umepata 7mm-08, ya 1980. Hao ni watoto wa tumbo moja. Na .270, ya mwaka 1925, ni ganda la bibi mwenyewe lililobanwa shingo.

6.5 Creedmoor ilitoka 2007. Ni nzuri, teke lake dogo kuliko la .308, inanyooka mbali. Kinachochosha ni mashabiki wake. .30-30 ndiyo kongwe, 1895, risasi ya zile bunduki za leva unazoziona kwenye picha za wachunga ng'ombe. Porini penye miti minene, hatua hamsini, sabini, haina mpinzani. Ila magazini yake ni bomba lililo chini ya mtutu, risasi zinapangana mdomo kwa kisogo, kwa hiyo usiitie risasi ya kawaida yenye ncha kali. Ncha inakaa juu ya fataki ya mwenzake, ile inayowasha baruti, na bunduki ikipiga teke unaweza kujilipua mkononi.

Kwa wewe: .308 au 7mm-08. Mimi binafsi napenda 7mm-08, ni laini begani na inaua vilevile. Lakini ukiishiwa risasi Ijumaa usiku kwenye kimji chenye duka moja linalouza chambo, petroli na kahawa, .308 utaipata pale, 7mm-08 ni bahati nasibu. Chukua .308, kichwa cha greini 150.

Hiyo "gr" kwenye pakiti ni greini, si gramu. Greini 7,000 zinafanya ratili moja, kwa hiyo 150 ni kama gramu 9.7. Hakikisha pakiti inasema ni ya kuwindia, ncha laini au ya plastiki, yenye kuchanua ikiingia. Zile za mazoezi zilizofunikwa shaba mpaka nchani zinapita kama sindano, mnyama anakwenda kilomita na tundu dogo mwilini. Na kwenu Minnesota sheria ya kulungu inadai risasi inayochanua.

Bunduki yenyewe nitarudi jioni, naitwa mezani.

---

Shangazi wa Texas

Mimi nitamtetea .243 kwa sababu hakuna mwingine atakayemtetea.

Ni mwanamke, kilo 55, natoka Nyeri, nimeolewa huku Hill Country, vilima vya katikati ya Texas. Mume wangu alinipa .30-06 yake mwaka wa kwanza nikakosa kulungu hatua arobaini, amesimama ubavu wazi kabisa, anatafuna. Mwaka uliofuata nikapewa .243, greini 100. Teke lake ni karibu nusu ya ile. Tangu hapo sijakosa, na sijamfuata mnyama zaidi ya mita mia.

Ila niseme ukweli pia. Kulungu wetu wa hapa ni wadogo, dume mkubwa ni kama mbuzi watatu hivi. Wale wa kaskazini ni wengine kabisa, dume wa Minnesota anaweza kupita kilo 100. Na .243 haisamehi. Ukimpiga mahali pabaya na risasi ndogo, utatembea usiku na tochi.

---

FundiMtutu

Shangazi nakubaliana na wewe kila neno, na hilo la mwisho ndilo linalonifanya nimsogeze huyu kijana ngazi moja juu.

---

Mzee wa Rufiji

Vijana shikamooni kwa mbali, nasoma tu huku nacheka.

Mimi nilikuwa mfuata nyayo kwenye vitalu vya Selous kabla sehemu kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa Nyerere mwaka 2019. Nimebeba bunduki za wageni miaka ishirini na kitu. Wageni wa nyati walikuja na .375 H&H, hiyo ndiyo ilikuwa ya chini kabisa kwa nyati, na ni risasi ya mwaka 1912 mpaka leo haijachuja. Lakini kwa swala pala na ngiri walileta hizi hizi mnazobishania, .270, .308, .30-06. Huyo kulungu wenu kwa maelezo yenu ukubwa wake ni kati ya swala pala na tandala mdogo. Sikumbuki hata siku moja swala pala aliyesimama akauliza amepigwa na namba gani.

Ninachokumbuka ni wageni. Aliyekuja na bunduki kubwa inayong'aa, imetoka dukani juzi, huyo tulimjua asubuhi ya kwanza pale kwenye shabaha kambini. Anapiga, mabega yanaruka kabla ya mlio. Tulikuwa tunatazamana tu sisi kwa sisi, maana tunajua leo tutafuata damu mpaka magharibi. Aliyekuja na bunduki kuukuu, kitako kimechubuka, mkanda umefungwa kwa uzi, huyo jioni tunakula maini.

---

BisiNaSoda

Mzee kuna yule Bell wa Karamoja, Mskoti, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa kabunduki ka milimita saba. Sasa kama saba inaangusha tembo, .243 kwa kulungu si inabaki?

---

Mzee wa Rufiji

Bell alikuwa anatumia risasi ngumu isiyochanua, anapiga ubongo, na alikuwa anajua fuvu la tembo lilivyokaa ndani kama wewe unavyojua mlango wa chumba chako gizani. Alikuwa analenga kila siku ya maisha yake. Usimlete Bell hapa kuwa kisingizio cha mtu anayepiga risasi ishirini kwa mwaka.

---

MtotoWaBukavu

Niko Iowa, kiwanda cha nyama, kama kaka mwanzisha uzi. Naongeza jambo moja: sheria ya jimbo inaweza kuchagua risasi kabla yako.

Huku kwetu msimu wa kawaida hakuna .308 kwa kulungu. Nchi ni tambarare, mashamba ya mahindi na nyumba za watu, risasi ndefu inasafiri mbali. Msimu wa bunduki tunatumia shotigani yenye risasi moja nzito, gobore la kisasa, au raifo yenye ganda lililonyooka, lisilobanwa shingo. Ndiyo sababu .350 Legend ilipotoka 2019 ilipendwa sana majimbo ya namna hii. Nilinunua hiyo. Kichwa greini 150 hadi 180, teke dogo sana, mwisho wake ni yadi 150 au 200 na inatosha kabisa.

Minnesota nayo sehemu za kusini zilikuwa eneo la shotigani kwa miaka mingi, na mambo hayo yanabadilishwa. Brainerd ni raifo. Lakini shika kitabu cha kanuni cha mwaka huu huu, usishike cha rafiki.

---

Mwanachuo_F1

Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Niko kwa viza ya mwanafunzi. Naruhusiwa kushika bunduki huku au nitarudishwa nyumbani?

---

FundiMtutu

Swali lako ni la maana kuliko namba zote za risasi. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki na risasi. Lakini humo humo kuna mlango: aliye na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani. Bila leseni mkononi usishike hata ya rafiki, hata uwanja wa shabaha, hata kwa picha. Na kabla ya lolote ongea na wakili wa uhamiaji, si mimi.

Mwenye kadi ya kijani ananunua kama raia. Atajaza fomu 4473 dukani, ataandika namba yake ya uhamiaji, watapiga hodi kwenye mfumo wa ukaguzi. Jibu kweli tupu. Na ile bangi iliyohalalishwa jimboni kwako, fomu hiyo inakuambia wazi kwamba kwa serikali kuu bado ni kosa. Kuna watu wameingia matatizoni kwa swali hilo moja. Wala usimnunulie mwenzako bunduki kwa jina lako, hata akikulipa siku hiyo hiyo.

@Ng'wana Baridi umezaliwa mwaka gani?

---

Ng'wana Baridi

1988.

---

FundiMtutu

Basi lazima cheti cha usalama wa silaha kwanza. Minnesota inakidai kwa kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979. Jiandikishe leo, nafasi zinajaa kabla ya msimu.

Sasa bunduki. Boliti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi, usihangaike na nyingine. Karibu boliti zote za leo ni wajukuu wa Mauser ya 1898. (Askari wa Kijerumani kule kwetu walianza vita vya 1914 wengi wao wakiwa na Mauser ya zamani zaidi, ya baruti nyeusi, ukipiga wingu linakutangaza ulipo. Babu yangu mzaa mama alikuwa akisimulia moshi huo kama alikuwepo, na hakuwepo.)

Kwa hela yako, Ruger American au Savage Axis, zote utazikuta kati ya dola mia nne na mia sita. Hazina uzuri wa macho, plastiki nyingi, lakini zinapiga pale unapolenga. Tikka ya Kifini ni tamu zaidi, boliti yake inateleza kama droo ya fundi mzuri, ila itakula bajeti yote na darubini itabaki dukani.

Kabla hujalipa fanya hivi pale pale dukani: fumba macho, pandisha bunduki begani kama mtu aliyeshtuka, halafu fumbua. Kama jicho limetua katikati ya kioo bila kunyoosha shingo, hiyo ni yako. Kama unaona kivuli cheusi pembeni, kitako ni kirefu au kifupi. Watu wa kilo 64 vitako vya Wamarekani vinawazidi. Ziko za kimo kifupi, na usione haya kwamba zimeandikwa za vijana. Nimekata vitako vingi vya wanaume wazima.

Darubini: dola 200, ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha. Iache kwenye 3 ukiwa msituni. Makosa ya wageni ni kuiweka 9, kulungu anatokea hatua thelathini, kioo kinajaa manyoya na hujui ni bega au paja.

Kilichobaki chote, nunua risasi. Pakiti nne kwa uchache. Na usipigie mezani tu. Ukishaisawazisha mezani, yaani inagonga pale darubini inapolenga, inuka: piga umekaa, umepiga goti, umeegemea nguzo. Chukua sahani ya karatasi ya kulia pilau, ile ya inchi nane tisa, moyo na mapafu ya kulungu yana ukubwa huo. Umbali wa mwisho ambao risasi tano kati ya tano zinaingia kwenye sahani ndio mpaka wako. Mpaka ukiwa yadi 80, basi kulungu wa yadi 120 mpungie mkono apite.

---

Ng'wana Baridi

Nimechapisha hii nikaibandika jikoni. Swali: niisawazishe kwa umbali gani?

---

FundiMtutu

Yadi 100, iguse inchi mbili juu ya kati. Hapo kwa .308 ya greini 150 itakuwa katikati kwenye 200. Ukiiweka sawa kabisa kwenye 100, itashuka inchi nne hivi ikifika 200. .30-30 kwa hesabu hiyo hiyo ingeshuka saba na zaidi, ndiyo maana nasema ni ya msituni.

---

Bin Kizingo

Assalaam alaykum. Naona hakuna aliyegusa upande wetu. Mimi niko Columbus, natoka Mombasa, nawinda mwaka wa tano.

Bismillah iseme wakati wa kufyatua, si nyumbani wala garini. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje, kwa hiyo kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye begi. Kuhusu risasi yenyewe, kuna hadithi ya Adiy bin Hatim juu ya mshale: kilichopigwa kwa ncha kula, kilichopigwa kwa ubavu usile. Masheikh wengi wa leo wanaihesabu risasi kuwa inatoboa kama ncha. Wapo wa zamani waliokataa. Muulize sheikh unayemfuata kabla ya msimu, si mnyama akiwa chini.

Na jambo lingine. Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi ni hii ya bunduki, na risasi ni madini yenyewe. Sasa risasi ya risasi ikigonga mfupa kwa kasi ile inasagika, na chembe zake zinatawanyika kwenye nyama mbali na tundu, huzioni kwa macho. Mwaka 2008 North Dakota waliwaambia wanaogawa chakula kwa maskini waitupe nyama ya kusaga ya kulungu waliyopewa na wawindaji kwa sababu hiyo. California tangu Julai 2019 hairuhusu kabisa risasi ya madini hayo kuwindia. Nina watoto watatu mezani. Napiga ya shaba tupu. Ni ghali zaidi, na kwa kuwa shaba ni nyepesi kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu, hivyo shuka kidogo, greini 130 au 150 kwenye .308. Isawazishe upya. Usidhani itapiga mahali pamoja na ile nyingine.

---

Shangazi wa Texas

Hii ya watoto sikuwa nimeifikiria. Nashukuru.

---

Mzee wa Rufiji

Ng'wana Baridi, neno langu la mwisho nikalale. Ukishapiga, usikimbilie. Kaa. Hesabu nusu saa. Kisha nenda pale aliposimama, si pale alipoelekea. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, yuko karibu. Nyeusi nzito ni ini, mpe muda zaidi. Ukiona majimaji ya kijani yananuka, rudi kambini ukanywe chai saa kadhaa. Ukimfuata mapema atainuka na hutamwona tena.

---

Ng'wana Baridi (Septemba)

Mrejesho. Cheti nimepata, darasani nilikuwa mimi na watoto wa miaka kumi na mbili, na mmoja alinishinda mtihani.

Nimenunua Ruger American ya .308, kitako kifupi, dola 489, darubini ya 200 kasoro. Duka lingine, si lile. Nimepiga risasi 90 mpaka sasa. Nilianza kwa kumwomba jamaa anipakilie yeye bila kuniambia kama ameweka risasi au hakuweka. Mara ya kwanza ilikuwa tupu, nikavuta, na bunduki ikaruka mkononi mwangu yenyewe bila mlio. Watu wakacheka. Niliruka mimi, si bunduki. Tukarudia hivyo Jumamosi tatu. Sasa hivi hairuki.

Sahani yangu ni yadi 110 nikiegemea, 70 nikipiga goti.

---

FundiMtutu

Mchezo huo wa kupakiliwa nilisahau kukuambia na ndio dawa pekee. Hongera. Usisahau kuvaa rangi kali ya chungwa kichwani na kifuani. Na ulingoni bunduki inapanda kwa kamba, tupu, wewe ukishakaa na mkanda umefungwa kwenye mti. Wengi wanaoumia msimu wa kulungu wameanguka tu.

---

Ng'wana Baridi (Novemba)

Wakuu.

Jumamosi niliona majike wawili, hawakusimama. Baridi iliingia mpaka kwenye meno. Ulingo wenyewe umenikumbusha dungu la kulindia mtama kwa bibi, tofauti ni kwamba huku huyo ndege ndiye unayemsubiri aje.

Jumapili saa mbili kasoro asubuhi alitokea dume, pembe za matawi matatu kila upande, kutoka kwenye misonobari. Alikuwa anatembea anasimama, anatembea anasimama. Kulikuwa na tawi mbele ya bega lake. Nilisubiri tawi hilo mpaka mkono ukaanza kufa ganzi. Alipopiga hatua mbili bega likawa wazi, yadi 64, nimepima baadaye. Mlio sikuusikia wala teke sikulisikia. Nilichokiona ni nyuma ya mguu wa mbele pametikisika kama mtu kapiga godoro, akaruka, akakimbia na mkia chini.

Nikahesabu nusu saa kwa saa ya mkononi. Mzee wa Rufiji, ilikuwa povu, waridi, kwenye theluji unaona mpaka vipovu vyenyewe. Alikuwa amelala hatua arobaini na tano mbele. Mzee mwenyeji wangu alinipa mkono, hakusema kitu, akatoa kisu. Tagi ya leseni nikamfunga, nikamsajili kwa simu pale pale, na sampuli ya tezi tumepeleka kupimwa ule ugonjwa wa kulungu wa kukonda kabla hatujamega nyama.

---

Mzee wa Rufiji

Maini umekula?

---

Ng'wana Baridi

Yako kwenye friji yanangoja majibu ya kipimo. Mwenyeji amenicheka, lakini yangu nayangoja.

---

FundiMtutu

Ulitumia ipi mwishowe, na ilitokea upande wa pili?

---

Ng'wana Baridi

Shaba, greini 130. Ilitokea. Tundu la kuingilia kama mbegu ya hindi, la kutokea kama sarafu ya shilingi mia.

---

BisiNaSoda

Bisi zimeisha. Sasa .243 kwa swala naanza nayo wapi?